Nimekaribia

Kabla sijaanza nikuombe jambo moja: usinitafutie maelezo. Nimeshatafutiwa na watu wengi. Wapo walioniambia nilikuwa nimechoka, wapo waliosema ni intaneti kuingiliana, na fundi mmoja tunayefanya naye kazi jengo moja alinipa mhadhara mzima kuhusu mawimbi ya sauti. Niliwasikiliza wote. Mimi mwenyewe ni fundi wa kompyuta hapa Kariakoo, mwaka wa sita huu, na kama kungekuwa na waya wa kulaumiwa ningekuwa wa kwanza kuukata. Haya niliyaona na kuyasikia nikiwa mzima, na akili zangu timamu.

Wengine nikitaja tu kompyuta hunikatiza na kusema wameshajua, bila shaka kifaa fulani kilikuwa cha marehemu. Hapana. Ondoa hilo kabisa. Kompyuta ile niliiunga kwa mikono yangu na haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mdomo wangu, halafu la mdomo wa kaka yangu, na ajabu yake ni kwamba wote wawili tulikuwa tunaonyesha adabu.

Nina fremu ndogo ghorofa ya pili, mtaa usio mbali na Msimbazi, natengeneza kompyuta na kuuza vifaa vyake. Kwetu ni Kilimanjaro, ila nimezaliwa na kukulia hapahapa Dar. Kama umewahi kufanya biashara Kariakoo unajua kwamba kutwa nzima mdomo hauna neno jingine isipokuwa karibu. Karibu dada, karibu mteja, karibu uangalie, kuangalia ni bure. Mtu hajakanyaga kizingiti umeshamkaribisha. Jioni ukirudi nyumbani neno bado liko mdomoni, linatoka lenyewe hata hujafikiri.

Nyumbani kwenyewe ni karibu na kazini. Nilikuwa nimepanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, moja ya zile chache zilizobaki zimebanwa na maghorofa kushoto na kulia. Ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mwenye nyumba ni Bibi Saada, mjane, mtu wa pwani kwa baba na kwa mama. Vyumba vingine vyote alikuwa amewapangisha wafanyabiashara wakavigeuza stoo za mitumba na vyombo, kwa hiyo jioni maduka yakifungwa tulibaki wawili tu, mimi na yeye. Alinipenda, nami nilimpenda, na hakuna siku iliyopita hajanitania. Alikuwa akisema sisi Wachaga tunajua kupokea pesa, kupokea mgeni hatujui.

Sharti lake lilikuwa moja. Adhana ya magharibi ikishalia, mtu akipiga hodi asiambiwe karibu. Aulizwe kwanza, "Nani mwenzangu?" Akitaja jina lake na alikotoka, hapo ndipo anakaribishwa. Mimi sikulipenda sharti hilo. Mama yetu alitulea kinyume chake: mgeni hahojiwi mlangoni, anakaribishwa ndani, anakaa, anakunywa maji, ndipo anaulizwa habari za atokako. Na akiaga, ole wako usimwambie karibu tena. Kaka yangu aliwahi kuchapwa kwa kumwacha mgeni atoke kimya kimya.

Kaka yangu huyo ni Eli, Elibariki, ananizidi miaka miwili. Ndiye aliyenifanya niunge ile kompyuta. Eli ni fundi ujenzi, na mwaka ule alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la jengo, mguu ukavunjika mahali pawili. Akarudi chumbani kwake Kigamboni akiwa na magongo mawili, peke yake, na kuanzia hapo akaanza kuzimika. Hasemi. Ukimpigia anajibu "ndiyo" na "hapana". Daktari alimwambia mguu unaunga vizuri, atoke, atembee hata mpaka dukani, lakini hakutoka. Nilimwogopea sana, maana namjua, Eli ndiye aliyekuwa akituchekesha sote nyumbani. Ikafika mahali kitu pekee kilichomfanya ainue kichwa ni gemu kwenye simu yake.

Kama hulijui gemu lenyewe, ni hivi: watu mia mnatupwa kisiwani kwa parachuti, mnaokota silaha, mnawindana, na wa mwisho kubaki hai ndiye mshindi. Mnaweza kucheza vikosi vya watu watatu watatu mkiongea kwa maiki. Haijalishi unachezea nini, aliye kwenye simu anakutana na aliye kwenye kompyuta na aliye kwenye ile mashine ya kuunganisha na televisheni. Pembeni ya jina la kila mtu kuna kialama kinachoonyesha anachezea nini. Nilianza kucheza na Eli kwa simu yangu mbovu iliyokuwa ikiganda kila mara, naye akawa anakereka. Nikasema basi, mimi ni fundi, naunga yangu.

Ilinichukua miezi minane. Nilianza na kasha lililoachwa na mteja, nikapata mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, yenye pini zilizopinda nikazinyoosha moja moja kwa sindano, kadi ya picha iliyotumika nikaifungua nikaisafisha vumbi lote na kuibadilishia pesti ya kupoza joto. Cha mwisho nilinunua hedifoni nzuri, tena mpya. Kwenye gemu lile hedifoni ni nusu ya macho. Unasikia hatua za adui, tena unasikia ziko upande gani, kushoto au kulia, mbele au mgongoni, juu ya bati au juu ya majani. Shika hilo la hatua, maana bila hilo hutanielewa huko mbele.

Siku kompyuta ilipowaka ilikuwa Jumatatu. Nilifunga fremu mapema, nikaiweka mezani chumbani, nikabonyeza, feni zikazunguka. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha, Bibi Saada yuko chumbani kwake anaswali. Nikamwita Eli, akaingia. Tulikuwa wawili na nafasi ya mtu wa tatu ilikuwa wazi, gemu lenyewe hutafuta mtu yeyote likamleta.

Akaja mtu. Sasa, watu wasiojuana kwenye gemu lile huingia kwa matusi, au kwa kelele, au hawasemi kabisa. Huyu aliingia, akasema kwa sauti ya chini ya mtu mzima, "Hodi."

Wewe ungefanya nini? Nilichekelea. Mtu anapiga hodi kwenye gemu, tena kwa ustaarabu ule. Na mdomo wangu ulikuwa umetoka Kariakoo saa ileile. Nikamjibu, "Karibu."

Akasema, "Ahsante. Nimekaribia."

Ni jibu la kawaida, nawe unalisema kila siku. Hata mimi sikulitilia maanani. Tukaruka kisiwani.

Mgeni huyo hakuwa akipiga risasi. Alitembea nyuma yetu tu, na mara mojamoja akisema, "Yuko nyuma ya ukuta, kushoto." Tukigeuka, kweli yupo. "Wawili wanashuka ngazi." Kweli wawili. Hakukosea hata mara moja. Tulishinda mara tatu mfululizo, jambo ambalo halijawahi kututokea, na Eli akacheka. Sikiliza nikwambie, sikuwa nimesikia kicheko cha kaka yangu kwa muda mrefu. Alikuwa akimwita yule mtu "mkubwa", anamtania, anamwuliza alijifunzia wapi. Mgeni hakujibu. Nilipoangalia orodha ya kikosi niliona jina langu lina alama ya kompyuta na la Eli lina alama ya simu. La kwake halikuwa na alama yoyote, na mahali pa jina palikuwa patupu. Nikajisemea ni hitilafu ya programu, tukalala.

Jumanne jioni, kabla hatujatafuta mtu, alikuwa ameshaingia. Eli akamkaribisha? La, hakuna aliyemkaribisha, nafasi ya tatu ilikuwa imejaa tayari. Tukacheza. Katikati ya mchezo, tumejificha kwenye nyumba fulani kule kisiwani, mgeni akasema, "Bibi leo ametawadha amekaa. Mgongo unamsumbua."

Nilidhani nimesikia vibaya. Eli akauliza, "Bibi gani, mkubwa?" Hakujibiwa. Mimi nilikuwa nimemwona Bibi Saada robo saa kabla yake, uani, ametawadha amekaa juu ya kigoda, jambo asilolifanya kamwe. Chumba changu hakina dirisha la uani. Na hata kama nimesahau maiki wazi, maji ya udhu yanasikikaje mpaka mtu ajue ameketi?

Nikaanza kusikia hatua.

Hatua za kwenye gemu nazijua, ni za buti. Hizi zilikuwa za makubazi ya ngozi yanayoburutwa kwenye sakafu ya saruji. Chwa, chwa, chwa. Zilikuwa sikio la kulia, mbali. Kulia kwangu, nikiwa nimekaa pale mezani, ndiko uliko mlango wa kuingilia ukumbini. Nikavua hedifoni. Kimya, ila feni tu. Nikavaa tena, na sasa zilikuwa zimesogea. Niamini, nilivua na kuvaa mara nne, na kila nikivaa ziko karibu zaidi, zinakuja na ukumbi, taratibu, kama mtu anayeangalia milango akihesabu. Nikageuza kiti ili nijue ni hitilafu au vipi. Kama ni sauti ya gemu, ukigeuza kiti haibadiliki, itabaki kulia. Nilipogeuka kuutazama mlango wa chumba changu, zile hatua zikawa mbele yangu. Zikasimama.

Eli alikuwa akiniita kwenye hedifoni, "Mdogo wangu, mbona unasimama hovyo, tutauawa." Halafu kitasa kikashikwa, mlango ukafunguliwa, na niliyemwona ni Bibi Saada na kanga zake za kuswalia.

Hata shikamoo ilinipotea. Yeye hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akaniambia, "Mwanangu, kuna mtu amenisalimu hapo ukumbini. Nimeangaza simwoni. Nikamuuliza nani mwenzangu, akasema yeye ni mgeni wako."

Nikamweleza yote. Kumweleza bibi wa miaka sabini na kitu habari za parachuti na visiwa si kazi rahisi, lakini alinisikiliza mpaka mwisho akauliza jambo moja tu. "Ulimwambia karibu kabla hajataja jina?"

"Ndiyo, bibi."

Akaketi kitandani kwangu, akashika kiuno. Aliniambia kwamba wa namna hiyo wamekuwapo siku zote, na zamani walikuwa wakisimama barazani. Hawaingii pasipo neno la mwenyeji, na wakishaambiwa neno hilo hawafukuzwi, kwa sababu wewe ndiye uliyewaita. Huondoka kwa njia mbili tu. Ama aitwe na mwenyeji mwingine ahamie kwake, ama aulizwe lile swali alilokwepa mlangoni, jina lake nani na kwao wapi. Hataki kulijibu, kwa hiyo ataaga. "Sasa akiaga," Bibi akasema, "usimjibu neno. Usiseme haya, usiseme kwaheri, na ile karibu tena yenu ndiyo usiithubutu. Asipojibiwa hana pa kurudia. Umenisikia, mwanangu?"

Nilimsikia. Usiku ule nililala chumbani kwake, chini, juu ya mkeka.

Jumatano asubuhi nilimpigia Eli nikamwambia kila kitu. Na wewe uniambie, kosa langu lilikuwa wapi? Nilimwambia mara tatu, akiaga usimjibu. Alicheka. Akasema nimeanza kuwa mtu wa pwani, kesho nitamletea hirizi. Lakini akaahidi. "Sawa, mdogo wangu, nitafunga mdomo." Ningeweza kumwambia asiingie kabisa jioni ile. Nilifikiria hivyo, ila mgeni hakuwahi kuingia nikiwa peke yangu, aliingia tukiwa kikosi, na mimi nilitaka aondoke siku hiyohiyo. Nilijifikiria mimi na chumba changu. Sikumfikiria Eli.

Magharibi ikaingia. Bibi Saada akaja akasimama mlangoni na tasbihi mkononi. Nikavaa hedifoni, Eli akaingia, na nafasi ya tatu ikajaa papo hapo, bila jina wala alama. Sikusubiri turuke. Nikasema, "Samahani, mgeni. Jina lako nani, na umetoka wapi?"

Hatua zikaanza, na safari hii hazikuwa ukumbini. Zilianzia pembeni ya kitanda changu. Zilipita nyuma ya kiti, zikasimama mgongoni kwangu, karibu kabisa, na nikasikia pumzi. Pumzi ya mtu, ndani ya hedifoni, sikio la kushoto. Nilimtazama Bibi pale mlangoni. Alikuwa akitazama juu ya kichwa changu, na midomo yake inakwenda bila sauti.

"Haulizwi hivyo mgeni aliyekwisha keti," ile sauti ikasema. Haikuwa na hasira, ilikuwa kama imeumia. "Basi, mwenyeji wangu. Mimi naaga."

Nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Usidhani ni mchezo. Neno lilipanda lenyewe mpaka kwenye meno, miaka yote ya mama na ya Kariakoo ikilisukuma, nikalirudisha chini machozi yakinitoka. Hatua zikaniacha. Zikapita mlangoni, na Bibi Saada akajisogeza kando kana kwamba anampisha mtu. Zikaenda na ukumbi, chwa, chwa, zikafifia. Bibi akashusha pumzi na kusema alhamdulillahi.

Halafu nikamsikia kaka yangu, kutoka Kigamboni, kwa sauti ya mtu anayemsindikiza mgeni wa heshima mpaka njiani. "Haya mkubwa. Karibu tena."

Hakukusudia. Mpaka leo najua hakukusudia. Nilisikia hata alivyoshtuka baada ya kulisema, alivyovuta pumzi.

"Ahsante," ile sauti ikajibu. "Nimekaribia."

Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Kupitia maiki ya simu ya Eli nilisikia chumba chake, feni yake ya mezani, na kisha juu ya vigae vyake nikasikia makubazi. Eli akasema taratibu, "Mdogo wangu, kuna mtu hapa." Laini ikakatika. Nikapiga simu, inaita tu. Nikapiga tena.

Nilitoka mbio na kandambili miguuni. Bodaboda mpaka Magogoni kwenye kivuko, na nilimkaba kijana wa watu shati mpaka akaniuliza dada kuna msiba? Pantoni lilikuwa upande wa pili. Nilisimama pale getini na umati wa watu waliotoka kazini, nikilitazama linavyojaza magari taratibu kule ng'ambo, na nilikuwa nikilia waziwazi bila kujali nani ananiona. Eli ana mguu mbovu. Kama ni kukimbia, angekimbiaje? Hilo ndilo lililokuwa likizunguka kichwani mwangu njia nzima, juu ya maji na baadaye kwenye bajaji.

Nilimkuta mlango uko wazi na taa inawaka. Amekaa kitandani, mzima, hana hata mkwaruzo. Akanitazama, akatabasamu. Magongo yalikuwa ukutani, na kiti chake pekee cha plastiki alikuwa amekiweka mbele yake, kimemwelekea, mahali unapomkalisha mtu mnayeongea naye. Juu ya stuli kulikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa kimenywewa nusu. Na Eli hanywi chai, tangu utotoni hanywi.

Nikamwambia, "Eli, inuka twende." Nilimshika mkono. Akautoa mkono wake kwa upole.

"Nitatokaje, mdogo wangu? Siwezi kumwacha mgeni peke yake."

Nikamvuta kwa nguvu mpaka akaanguka kutoka kitandani, akalia kwa maumivu ya mguu, na kile kiti cha plastiki kikalia kwa namna kinavyolia mtu akiinuka. Nilimwachia. Nasema kweli yote, nilimwachia kaka yangu sakafuni nikatoka nje nikasimama barabarani.

Mwaka na miezi sasa. Mguu wa Eli umepona, daktari aliyemfuata nyumbani alimsifu. Hatoki. Wachungaji wawili wamekwenda wakaomba vizuri tu, Bibi Saada alimpeleka shehe wake, na kila mmoja alipofika Eli aliwapokea kwa heshima, akawaambia wasijali, yeye anaye mgeni na mgeni hasemi lini ataondoka. Amekonda kidogo. Kazi za kuchora ramani ndogondogo za nyumba anazifanyia humohumo ndani. Kompyuta yangu niliifungua nikaiuza vipande vipande, hedifoni nikazivunja kwa nyundo. Fremuni sikai mbele tena, nimemweka binti mmoja apokee wateja, mimi nakaa nyuma na bisibisi zangu, na wenzangu wananiona nimekuwa na maringo.

Kila Jumapili navuka nimpelekee chakula. Siingii. Nasimama nje, napiga hodi, na huitikiwa na watu wawili. Mmoja ni Eli. Napitisha vyombo dirishani, tunaongea kupitia nondo, na tukiwa tunaongea, kutoka upande wa ndani wa mlango ule, husikia mtu akigonga polepole. Anagonga kuja kwangu. Na anasema, "Hodi."

Unaelewa anachotaka? Bibi alikwisha kuniambia, huhama akiitwa na mwenyeji mwingine. Nikimjibu neno moja, lile ninalolijua kuliko yote, kaka yangu atafungua mlango huo na kutoka na miguu yake miwili. Na mimi nitakwenda nyumbani na mgeni. Wiki nzima najiapiza nitalisema. Naliandaa, napanda nalo pantoni, nafika nalo mpaka dirishani. Akishagonga, naogopa na silisemi.

Jumapili iliyopita Eli alinishika vidole kupitia nondo wakati yule anagonga. Nadhani amejua siku zote. Akasogeza uso, akaninong'oneza, "Usimkaribishe. Mimi nimeshamzoea." Nami nilifurahi. Hapo hapo, kabla ya kitu kingine chochote, nilifurahi. Ndipo nikalia.

Kwa hiyo wewe unayevaa hedifoni jioni na kucheza na watu usiowajua, sikuzuii, cheza. Lakini akiingia mtu asiye na jina, akakupigia hodi kwa adabu, muulize nani na anatoka wapi kabla hujafungua mdomo kwa lingine lolote. Atakuona huna malezi. Mwache akuone hivyo. Na unaocheza nao waambie pia, tena waambie wasicheke, kwa sababu mimi wangu nilimwambia mara tatu.